Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui na Magazeti Yake ya Mombasa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, imekuwa ni desturi katika darsa zetu kuyataja majina ya maulamaa waliotutangulia, tukawaombea rehema, kisha tukaendelea na somo. Kuwaombea ni jambo jema, na kuwajua ni haki yao nyengine juu yetu. Kijana wa leo wa mji huu akiulizwa Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alikuwa nani, atajibu kuwa alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwengine atajibu kuwa alikuwa babake Profesa Ali Mazrui, aliyejulikana duniani kote. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yaacha jambo ambalo kwa rai yetu ndilo lililoufaa mji zaidi. Mtu huyu aliiandikia Mombasa gazeti lake la kwanza la Kiislamu kwa lugha yake yenyewe, na kwa gazeti hilo akawafundisha watu kuyatazama mambo yao kwa macho yao. Tumeona basi tuieleze hapa khabari yake kwa ufupi, ili aliyesahau akumbuke, na asiyejua apate kujua.

Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui. Kila mtu wa pwani ajua kuwa ukoo huo ulikuwa na utawala wa mji huu kwa muda wa karibu miaka mia, mpaka mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipoitwaa Ngome, na wakubwa wao wakachukuliwa mateka wakafia mbali na kwao. Katika waliosalia, wako waliohamia Gasi na Takaungu, na wako waliobaki mjini. Mlango wa utawala ulipofungwa, baadhi yao waliingia mlango wa ilimu, na huo haukufungwa na mtu.

Katika hao alikuwa babake, Sheikh Ali bin Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1825, mmoja wa maulamaa wakubwa wa pwani katika zama zake. Mzee huyo alikuwa hafichi aliaminilo. Kwa ajili ya mabishano ya madhehebu alifungwa Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash, na hakutoka kifungoni mpaka Sultani huyo alipofariki mwaka 1888. Sheikh Ali alikufa mwaka 1894, akamwacha mwanawe al-Amin ni mtoto mdogo asiyeweza kuikumbuka vyema hata sauti ya babake. Hakumrithisha mashamba mengi wala cheo. Alimrithisha vitabu, na tabia ya kusema lililo kweli hata likiwa chungu.

Mwaka uliofuata, 1895, bendera ya Kiingereza ilisimamishwa pwani yetu, kwa mapatano na Sultani wa Unguja. Mwaka 1896 kazi ya reli ilianza hapa Mombasa. Miaka michache baadaye makao ya serikali yakahamia Nairobi, utumwa ukakomeshwa kwa sheria mwaka 1907, na mwaka 1908 ikatoka sheria ya kuandikisha ardhi, ambayo kwayo shamba la mtu likawa karatasi, na karatasi yauzika kwa siku moja. Biashara ya jahazi za bandari ya kale ikapungua, na meli za moshi zikaelekea Kilindini. Mtoto huyu alikua huku mambo hayo yakipita mlangoni mwao moja baada ya moja. Watu wazima walikuwa wakiyazungumza barazani jioni, wakasikitika, wakatikisa vichwa, kisha kila mtu akaenda zake kulala. Hapakuwa na mtu aliyeyatia katika maandishi na kuwauliza watu: na sisi tufanye nini?

Malezi yake yalikuwa mikononi mwa jamaa yake, Sheikh Sulayman bin Ali bin Khamis al-Mazrui, mwanachuoni ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu. Kwake alisoma kama walivyosoma wenziwe wa zama hizo: Qur'ani, fiq'hi ya Imamu Shafi, nahau na sarufi ya Kiarabu, na vyenginevyo. Kisha alivuka kwenda Unguja kuchukua ilimu kwa mabahari wawili wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Kwa hivyo hakuwa mtu aliyeokota maneno mawili matatu njiani akaanza kuwakemea wazee. Alipita mlango ule ule waliopita maulamaa wa pwani, akakaa chini mbele ya walimu wale wale, akaijua ilimu ya kale kwa undani wake. Jambo hili twataka lifahamike vizuri, kwani baadaye wako waliosema kuwa aliyoyaleta ni mageni.

Pamoja na darsa za walimu wake, alikuwa na mwalimu mwengine aliyemjia kwa posta. Huyu alikuwa jarida la al-Manar, lililoanzishwa Misri mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Jarida hilo lilipanda meli likaja mpaka huku kwetu, likasomwa na watu wachache wenye Kiarabu cha kutosha. Ndani yake Sheikh al-Amin aliona mambo mawili. La kwanza ni kuwa maradhi anayoyaona Mombasa hayakuwa ya Mombasa peke yake. Waislamu wa Misri na Sham na Hindi nao walikuwa wakijiuliza ni kwa nini wamebaki nyuma na hali dini yao yawaamrisha kwenda mbele. La pili ni kuwa mwanachuoni aweza kuwa na mimbari ya karatasi, ikamfikisha kwa mtu asiyemjua, katika mji asiopata kuuona. Jambo hili la pili, naona, ndilo lililomkaa moyoni.

Hata mwaka 1930, umri wake ukiwa unakaribia miaka arubaini, alianza kutoa gazeti lake la kwanza, akaliita al-Sahifa. Jina hilo maana yake ni ukurasa, na kwa kweli ndivyo lilivyokuwa: karatasi ndogo, isiyo na picha wala mapambo. Mtu aliyezoea magazeti makubwa ya Kiingereza yaliyokuwa yakitoka Mombasa na Nairobi angaliona ni kitu duni. Walakin yale magazeti makubwa yalikuwa ni ya walowezi na wafanyabiashara, yakieleza bei za kahawa na khabari za London. Katika kurasa zake mtu wa Mji wa Kale alikuwa hamo, ila labda katika khabari za mahakamani. Karatasi hii ndogo ilikuwa na mtu huyo kila mstari.

Tazama lugha aliyoichagua. Maulamaa wa pwani walikuwa wakiandika kwa Kiarabu, wakisomana wao kwa wao. Mtu wa kawaida sehemu yake ilikuwa ni mashairi na tenzi, ambazo husikia zikisomwa, na mawaidha ya msikitini. Maneno ya mjazo ya Kiswahili, yaliyoandikwa ili mtu asome na kufikiri juu ya mambo ya mji wake, yalikuwa ni kitu kigeni katika mikono ya sheikh. Sheikh al-Amin aliandika kwa Kiswahili cha Mombasa kama kinavyosemwa majumbani, kwa herufi za Kiarabu ambazo kila aliyepita chuoni alizijua. Na kwa kuwa herufi hizo hazitoshi kwa sauti zote za lugha yetu, kama vile p na ch na v na g, hata neno moja likaweza kusomwa kwa namna tatu, alijitahidi kuzitengeneza, akatia alama za kuzipambanua. Huenda mtu akaona ni kazi ndogo. Lakini kinyozi, na mwenye duka, na mama aliyesoma Qur'ani tu nyumbani kwao, wote hao waliweza sasa kulisoma gazeti bila ya kwenda skuli ya serikali kujifunza herufi nyengine.

Na aliandika nini humo? Aliandika mambo yaliyo karibu na pua ya msomaji.

Aliandika juu ya ilimu. Aliwaambia watu kuwa kumwacha mtoto na masomo ya chuoni peke yake, akihifadhi asichokifahamu, hakutamtosha katika dunia hii mpya. Na kuwa kumpeleka skuli ya serikali peke yake, akatoka hajui dini yake wala lugha ya Qur'ani, ni khasara kubwa zaidi. Alitaka ilimu mbili zikae katika kichwa kimoja. Wako waliomlaumu kwa upande huu, na wako waliomlaumu kwa upande wa pili, na hiyo huwa ni dalili ya mtu aliyesimama katikati.

Aliandika juu ya mafunzo ya wasichana, na katika zama hizo jambo hilo lilikuwa likiwashtua watu zaidi ya yote. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mamake, na mwalimu akiwa mjinga, mwanafunzi huanza safari yake kwa ujinga. Hakuwataka wasichana waache stara yao. Aliwataka wajue dini yao kwa dalili, na wajue kusoma na kuandika na kuendesha nyumba, kwani dini haikuwafungia mlango huo, na watu ndio waliowafungia.

Aliandika juu ya gharama za harusi na matanga. Sote twajua jambo hili lilivyokuwa, na jinsi lilivyo mpaka leo. Mtu hufiwa, na kabla machozi hayajakauka ameshaingia katika deni la kuwalisha watu, naye ana mayatima wanaotakiwa wale kesho. Mwengine humwoza bintiye kwa fahari ya siku saba, na nyumba ya urithi ikawekwa rehani. Na ile ilikuwa miaka ya dhiki, biashara ya dunia nzima ikiwa imeanguka, fedha zimeadimika, na wenye kukopesha wako tayari. Sheikh al-Amin aliwaonyesha watu kuwa mengi katika hayo si amri ya dini, ni mazoea waliyoyapa nguo ya dini, na kuwa nyumba zinazokwenda mikononi mwa watu wengine zaenda kwa njia hiyo.

Kadhalika aliandika juu ya kuiga. Aliona vijana wakichukua kwa Wazungu kofia na vinywaji na michezo, wakaacha kuchukua kwao bidii ya kazi, na kutunza wakati, na kusaidiana, na kupenda nchi yao. Hakusema kuwa kila kitokacho kwa Mzungu ni haramu. Alisema kuwa tumekosea katika kuchagua. Aliwaambia watu watazame jinsi jumuiya nyengine za mjini, na wengi wao walikuja juzi tu, walivyojenga skuli zao na hospitali zao kwa michango yao wenyewe, na sisi wenyeji twangojea serikali itufanyie. Na pia aliandika juu ya kuomba kwa makaburi na kutegemea hirizi, akiwaita watu warejee kwa Mola wao bila ya kupitia kwa mwengine.

Tumeyataja haya kwa urefu ili msomaji aone gazeti la mji ni kitu gani. Katika mji kama wetu wa zama zile, gazeti moja husomwa na mmoja na kusikilizwa na kumi. Lililoandikwa huzungumzwa, na likizungumzwa hupata wa kulikubali na wa kulikataa, na katika kukubali na kukataa huko watu huanza kufikiri pamoja. Kabla ya hapo, mtu aliyechoshwa na deni la matanga alinyamaza kwa hofu ya kuambiwa bakhili. Sasa aliweza kusema kuwa jambo hili limeandikwa na sheikh. Mzazi aliyetaka bintiye asome alipata wa kumtegemea. Mwenye kupinga naye alilazimika kutoa hoja, kwani kukasirika peke yake hakumjibu mtu aliyeandika kwa dalili.

Na wenye kupinga hawakukosekana. Si jambo dogo kuwaambia watu kuwa waliyoyarithi kwa wazee wao yana makosa. Sheikh al-Amin alijibu kwa upole, hakuwatukana waliokhitalifiana naye. Alijua kuwa jirani yake wa leo ndiye atakayeswali naye safu moja Ijumaa.

Mwezi wa Februari 1932 alianzisha gazeti la pili, kubwa kuliko lile la kwanza, akaliita al-Islah, maana yake matengenezo. Hili lilikuwa na lugha mbili, Kiarabu na Kiswahili. Kwa Kiswahili liliendelea kuzungumza na nyumba za Mombasa. Kwa Kiarabu liliungana na magazeti ya Waislamu wa nchi nyengine, na khabari za dunia ya Kiislamu, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya mataifa ya Ulaya, zikaingia Mji wa Kale. Hii ilikuwa ndiyo miaka ambayo Waitaliani walikuwa wameitiisha Libya baada ya kumnyonga Umar al-Mukhtar mwaka 1931, na Palestina ilikuwa chini ya Waingereza. Msomaji wa al-Islah aliweza kuitazama hali yake ya Mombasa akaona kuwa ni tawi la mti mkubwa.

Haki yatutaka tuseme pia upungufu uliokuwapo, kwani kumsifu maiti kwa asichokuwa nacho si kumheshimu. Maneno mengi ya magazeti haya, khasa hili la pili, yalikuwa yakielekezwa kwa Waarabu wa pwani, ndio jamaa zake na ndio waliokuwa wamepoteza zaidi cheo walichokuwa nacho. Waislamu wengine wa pwani, Waswahili wa mitaa mengine, na Wadigo, na wengineo, walisikia sauti yake kama mtu asikilizaye mazungumzo ya nyumba ya jirani. Serikali ya wakati ule ilikuwa imewagawanya watu kwa makabila na kumpa kila mmoja daraja lake, na si rahisi kwa mtu yeyote kutoka mzima katika mgawanyo kama huo. Walakin mafunzo yake yalikuwa ni makubwa kuliko mipaka hiyo, na baada yake yaliivuka.

Mwaka huo huo wa 1932 Sheikh al-Amin alifanywa Kadhi wa Mombasa. Cheo hicho kilimstahiki, na mji ulifaidika nacho. Lakini kazi ya kadhi yataka siku nzima: huyu amemwacha mkewe, yule azuia urithi wa ndugu zake, huyu yuwagombania wakfu wa msikiti. Na zaidi ya hayo, kadhi ni mtu wa hukumu, na kuwa mtumishi wa serikali na huku waandika gazeti la kuzitengeneza hali za watu ni kupanda jahazi mbili kwa miguu miwili. Al-Islah halikuishi sana baada ya hapo. Lilinyamaza, na mji ukarudi katika mazungumzo yake ya barazani.

Hapa, ndugu zangu, ndipo mahali panaponisikitisha kila nikiisoma khabari hii. Gazeti halikufa kwa kukosa maneno, wala kwa kukosa wasomaji. Lilikuwa limesimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Yeye ndiye mwandishi, yeye ndiye mhariri, yeye ndiye mwenye kubeba lawama. Mtu huyo alipoitwa kwenye kazi nyengine, hapakuwa na mabega mengine tayari. Wangapi waliokuwa wakilisoma kwa furaha, wakisema Mungu amjaze kheri, na hawakuuliza hata siku moja wino wanunuliwa kwa fedha ya nani?

Yeye mwenyewe hakuiweka kalamu chini. Aliandika vitabu vidogo vya kuwafundisha watoto dini yao kwa Kiswahili, na mashuhuri katika hivyo ni Hidayatul Atfal. Alishirikiana na mwenziwe, Sheikh Muhammad Abdallah Ghazali, katika kutengeneza masomo ya madrasa, ili mtoto afundishwe kwa mpango na kufahamishwa asomacho. Aliandika kwa Kiarabu taarikh ya ukoo wake na utawala wao wa Mombasa, kitabu ambacho kilitoka kwa tarjama ya Kiingereza mwaka 1995, na wanataarikh wakitegemea mpaka leo. Tena alianza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Tarjama iliyokuwapo wakati huo ilikuwa ni ya padri Godfrey Dale, iliyotoka mwaka 1923, na si jambo la kupendeza kwa Mwislamu kukifahamu kitabu chake kwa hisani ya padri. Umri haukumruhusu kuimaliza kazi hiyo, na sehemu alizoziwacha zilikuja kupigwa chapa miaka mingi baada ya kufa kwake.

Mwaka 1937 Sheikh Sulayman, mlezi wake, alifariki, naye akashika mahali pake akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na mwaka 1944 makala aliyoyaandika katika al-Sahifa yalikusanywa yakatolewa kuwa kitabu, kikaitwa Uwongozi. Safari hii kilipigwa chapa kwa herufi za Kirumi, kwani kizazi kilichopita skuli kilikuwa kimezizoea hizo. Tazama basi hekima ya Mwenyezi Mungu: karatasi zilizokuwa zikitoka moja moja, ambazo mtu akishasoma huweza kuzifungia sukari, zilirudi zikiwa kitabu, na kwa kuwa ni kitabu zikabaki.

Sheikh al-Amin alifariki tarehe 1 Aprili 1947, umri wake ukiwa miaka 56. Mwanawe Ali alikuwa na miaka kumi na minne. Babake alikuwa akitaraji aende al-Az'har awe mwanachuoni wa dini. Mungu alimpitisha njia nyengine, akawa mwalimu wa vyuo vikuu vya dunia na mwandishi wa vitabu vingi. Alipofariki Marekani mwaka 2014, alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Mazrui mbele ya Ngome, kama alivyousia. Aliandika kwa lugha nyengine na kwa watu wengine, lakini ile tabia ya kuwaambia watu wake wasilopenda kulisikia, sidhani kama aliipata ng'ambo.

Katika wanafunzi wa Sheikh al-Amin, alioitia mkononi kazi yake ni Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Huyu alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963 mpaka 1968, naye katika miaka ya 1970 alitoa gazeti lake, Sauti ya Haki, akayasema tena kwa sauti ya juu yale aliyoyasikia kwa mwalimu wake. Aliyemfuata katika ukadhi, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, alinywea katika chemchemi hiyo hiyo, naye ndiye aliyetimiza tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1969. Na mwaka 2017 maandishi ya Uwongozi yalitolewa Ulaya pamoja na tarjama ya Kiingereza, kwa kazi ya Kai Kresse na ndugu yetu Hassan Mwakimako, ili yasomwe katika vyuo vikuu. Karatasi ndogo ya Mji wa Kale imefika huko. Twafurahi kwa hilo. Na hapo hapo twajiuliza, je, katika nyumba zetu za Mombasa, ni ngapi zenye nakala ya Uwongozi?

Katika maisha ya mtu huyu twapata mafunzo, nasi twataka kuyataja mawili tu.

La kwanza ni kuwa mji hauamshwi kwa maneno makubwa ya mambo ya mbali. Sheikh al-Amin alikuwa na ilimu ya kumwezesha kuandika kurasa mia juu ya masuala ambayo watu kumi tu wangaliyafahamu. Aliichukua ilimu hiyo akaitia katika deni la matanga, na katika skuli ya msichana, na katika namna tunavyoutumia wakati wetu. Mwenye kuandika leo, katika karatasi au katika simu, na ajiulize kama jirani yake ataliona jambo lake humo.

La pili ni la sisi wasomaji. Gazeti ni kama kisima cha mtaa. Mmoja hukichimba, lakini wote wakiteka bila ya mmoja kushika jembe siku ya kukisafisha, hufukiwa na taka kikakauka. Miaka mitatu hivi ya al-Sahifa na al-Islah iliutosha mji huu kwa mazungumzo ya miaka tisini. Lau wasomaji wangalikuwa ni washirika, wakatoa senti zao na kalamu zao, nani ajuaye yangalidumu miaka mingapi? Karatasi yetu hii ni ndogo kuliko zile, na wanaoibeba ni wachache. Msomaji anayeona yafaa asiiombee dua peke yake. Alete makala, alete mchango, ampelekee jirani nakala yake akishamaliza kuisoma, na akiona kosa letu atuandikie.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh al-Amin bin Ali, na walimu wake, na wanafunzi wake, aziweke katika mizani yake herufi zote alizoziandika kwa ajili ya watu wa mji huu, na atujaalie sisi kuwa ni katika wenye kusikia neno wakalifuata lililo jema. Amin.